Mtani wa Mzee Lugusha

"Umeua wangapi leo, mpagazi wee?"

Ndivyo nilivyokuwa nikimsalimia Mzee Lugusha kila nilipoingia ukumbini, na ukumbi mzima ulikuwa unaangua kicheko. Wazee wenye meno na wasio na meno, wauguzi, hata yule bibi wa dirishani aliyekuwa halijui tena jina lake, wote wanacheka. Lugusha mwenyewe ndiye alikuwa wa kwanza. Anavua baraghashia, anaipunga hewani, anajibu: "Leo bado, mtumwa wangu. Nilikuwa nakusubiri uje nianze na Wazaramo."

Basi na mimi nacheka. Nacheka mpaka machozi yananitoka, na moyoni nasema: cheka, mzee, cheka vizuri, maana mimi sitanii.

Nataka lieleweke kwamba sikwenda pale kumtafuta. Nilikwenda kwa sababu mwanangu Shukuru alihamia Mbeya kufuata ubaridi kama vijana wote wa pwani, na mume wangu hayupo duniani. King'ora cha joto kikilia mchana, mtu haruhusiwi kutembea nje mpaka jua lilegee, na mimi nilikuwa nakaa ndani nazungumza na feni. Jirani akaniambia Makao ya Pumziko yanatafuta watu wa kujitolea, wa kuchangamsha akili za wazee walioachwa huku chini. Nikasema potelea mbali, bora mzee kuliko feni.

Msimamizi wa pale alikuwa Sista Eufrasia, Mchaga mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake. Swali lake la kwanza halikuwa elimu yangu wala afya yangu.

"Kabila gani, mama?"

"Mzaramo."

Akapiga makofi. "Mungu mkubwa! Nina Mnyamwezi hapa, tangu aletwe hajapata mtani."

Huo ndio uliokuwa utaratibu wake. Aligundua kwamba mzee ukimwambia pole babu, pole bibi, anasinzia. Ukimtukana kitani anaamka, anatafuta jibu, akili inachemka. Kwa hiyo kila mzee alitafutiwa mtani wake. Mpare alipewa Mchaga, Mnyamwezi alipewa Mzaramo, na ilikuwa ruhusa kumpora mzee fimbo yake au kumwita mtumwa wako mbele za watu. Hakuna aliyenuna. Sista aliamini kabisa kwamba mtani hawezi kuwa na kinyongo. Mtu na akili zake zote, kwamba mtani naye anaweza kuja na kinyongo chake halikumpitia kichwani.

"Anaitwa Mzee Lugusha Kapela," akasema. "Alikuwa mkuu wa Bwawa la Mlanzi."

Nikashika ukingo wa meza.

"Vipi, Mama Shukuru?"

"Joto tu, Sista."

Mama Shukuru ndilo jina walilonijua nalo. Mwanamke akishazaa, nani anamuuliza tena habari za baba yake? Wangeniuliza ningewaambia kuwa mimi ni Mwamvita binti Pazi, na kwamba baba yangu, Pazi Mwinshehe, alikuwa mlinzi wa milango ya maji ya bwawa hilohilo. Ndiye aliyefungwa kwa kosa la kulala zamu, usiku ule maji yalipofunguliwa bila king'ora kulia yakabeba soko la Mlanzi na watu waliokuwa wamelala vibandani. Alifia gerezani akisema hakulala. Mama yangu alitemewa mate kisimani na wanawake waliofiwa. Tulihama, na kabla ya kuhama mama alichoma picha zote za baba ili tuendako tusijulikane. Nilikuwa mdogo mno. Nilikua bila kuijua sura yake.

Na shahidi aliyemfunga alikuwa mmoja tu, mkuu wake wa kazi.

*

Kile tulichokiita kilemba kilikuwa mkanda wa kitambaa wenye nyuzi za shaba ndani. Mmoja anafungwa mzee, mwingine anafungwa msindikizaji, maana ndivyo tulivyoitwa sisi wa kujitolea. Mkishafungwa, mzee akikumbuka kitu na wewe unakiona, unakisikia, hata harufu yake inakufikia. Mapajani unaweka kibao chenye ramani ya kumbukumbu zake, njia nyinginyingi zinazowaka taa. Ukigusa njia, mnaipita wote wawili.

Sista alitufundisha kwa kutukazia macho. "Njia mnayoipita inabaki. Msiyoipita inaota majani, inakufa. Wazee hawa hawana nguvu za kubaki na zote, kwa hiyo mchague zilizo njema. Halafu, kumbukumbu ni kama kanga unayoitoa sandukuni. Ukiirudisha, huikunji kwa mikunjo ileile. Kila ikitoka inarudi imebadilika kidogo. Na mkiwa ndani, fungeni midomo! Neno ukilisema mle, mzee analipokea kuwa ndivyo ilivyotokea."

La kwanza nililishika. Yaliyobaki yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Siku ya kwanza nilimfunga Mzee Lugusha kilemba huku nikimwita kila jina baya, naye akinijibu kwa raha zake. Njia iliyokuwa inawaka kuliko zote ilikuwa ya marehemu mkewe, Nyamizi. Nikaiona: mwanamke mnene anapepeta mtama uani, anaimba, anageuka kumwita "Baba Kalunde, njoo ule." Kalunde ni binti yao. Tukakaa uani pale kidogo. Mzee alikuwa na furaha kama mtoto. Nilimwonea wivu.

Pembeni kabisa ya ramani palikuwa na njia moja hafifu, nyekundu, inayowaka na kuzima. Nyekundu ni hofu. Nikaigusa.

Tukaingia katika chumba cha mitambo cha bwawa. Nje bado inanyesha. Ni asubuhi, polisi wamejaa, viatu vyao vina matope. Mkuu wa polisi anauliza kwa nini king'ora hakikulia. Na kwenye kona, amevaa koti la mvua, amesimama mwanaume mwembamba mwenye masikio makubwa. Masikio yangu hasa, hayahaya ninayoyaficha kwa mtandio.

"Mkuu," anamwambia Lugusha, kwa adabu kabisa, "waambie betri zilikuwa wapi."

Ile sauti! Nilikuwa nimeisahau, na mwili wangu haukuisahau. Nilibana mdomo kwa mikono yote miwili ili nisimwite.

Kwa kuwa nilikuwa ndani ya kichwa cha Lugusha, jibu nililijua naye alipolijua. Betri kubwa za king'ora, zenye rangi nyekundu, alikuwa amezitoa yeye mwenyewe jioni ile, akaziazima kwenye muziki wa sherehe ya kumuaga binti yake aliyekuwa anaolewa. Mvua ilipozidi akafungua milango ya maji ili bwawa lisipasuke, akijua king'ora kimekufa. Alfajiri akatuma gari, betri zikarudishwa kimyakimya mahali pake.

"Zamu ilikuwa ya Pazi," Lugusha akamwambia polisi. "Pazi alilala."

Baba akafungwa pingu. Alitazama meza, ambapo palikuwa na mkate wa kumimina uliofungwa kwenye jani la mgomba. Alikuwa akininunulia kila anapoingia zamu, kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza getini. Hilo nalikumbuka, harufu ya iliki na jani la mgomba mlangoni asubuhi. Wakamsukuma nje, mkate ukabaki.

Lugusha alipobaki peke yake akakaa. Akalifungua jani, akaula ule mkate. Wote.

Nilipovua kilemba nilikuta Sista ananipepea. "Umeona nini, Mama Shukuru?"

"Nimeona harusi, Sista," nikamjibu. "Nzuri sana."

*

Tangu siku ile sikumpeleka tena kwa Nyamizi. Asubuhi nikifika nampeleka bwawani. Akipumzika namrudisha bwawani. Nikasema, wewe mzee umeishi vizuri, umezeeka ukiitwa mheshimiwa, na sasa unataka kusahau, uondoke msafi? Thubutu! Utakumbuka hilo moja mpaka likubane koo.

Nisiwadanganye, nilifurahi. Nilimwona akipungua na nikafurahi. Kwanza akaacha kuimba ule wimbo wa mkewe. Siku moja akaishika picha iliyokuwa kando ya kitanda chake, akaigeuzageuza, akaniuliza, "Mtani, huyu mama mnene ni nani?"

"Mpishi wa shule yenu," nikamwambia.

"Ana sura nzuri," akasema, akairudisha mezani akiwa ameigeuzia ukutani.

Ukumbini nilimchoma mbele ya watu, na utani ukanifunika. "Mpagazi, betri ziko wapi?" Watu wanacheka. "Mla mikate ya watoto wewe!" Wanacheka zaidi. Yeye naye anacheka, ila kicheko kinachelewa, na macho yanaanza kutafutatafuta.

Sista alinisifu mbele ya wenzangu wote. Aliweka ramani ya Lugusha ukutani. "Tazameni! Mzee wa umri huu, ana kumbukumbu moja inawaka kuliko za wazee wote hapa. Hiyo ndiyo kazi ya mtani." Wakanipigia makofi. Baadaye akanivuta pembeni, sauti ameishusha. "Lakini analia akila, mama. Akiletewa mkate anausukuma. Unajua kwa nini?"

"Labda fizi, Sista."

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikumwambia mtu. Kila nikimpeleka kule kumtesa, nilikuwa namwona baba. Nilijua sasa kovu lake la kidevuni. Nilijua anavyosimama, uzito wote mguu mmoja. Duniani kote, baba yangu alikuwa amebaki hai mahali pamoja tu, ndani ya kichwa cha mtu aliyemuua. Nilikuwa naingia kwa hasira na natoka nimemkumbuka baba, kisha narudi tena, sijui hata kwa lipi kati ya hayo mawili.

*

Halafu ikaanza kugeuka.

Mwanzoni Lugusha alikuwa anajibu polisi mara moja. Baadaye akawa anachelewa. Baba akisema "waambie betri zilikuwa wapi," mzee anamwangalia kwanza, ndipo anatoa uongo wake. Nikafurahi, nikadhani ni maumivu yanazidi. Mpaka asubuhi moja, mkuu wa polisi akauliza kama kawaida, Lugusha akafungua mdomo, akasema:

"Si Pazi. Ni mimi. Betri nilizichukua mimi."

Nilikinyofoa kile kilemba kichwani, vishikizo vikaruka.

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Mwongo mkubwa wewe! Hukusema hivyo!"

Ukumbi ukacheka. Nani angejua? Lugusha akafumbua macho taratibu, uso wake ukiwa laini ajabu, akaniambia, "Mtani, unajua nilisema kweli siku ile? Mbele ya polisi. Wengine wangemsingizia yule kijana." Akaomba chai. Akaomba na mkate. Akauchovya, akala kwa raha zote.

Hapo ndipo nikaikumbuka ile kanga ya Sista. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeitoa sandukuni na kuikunja upya, kila siku, na kila siku aibu ya yule mzee ilikuwa inaongeza mkunjo mmoja mdogo upande ilioutaka. Nilitaka kumfungia na kosa lake. Nimemtengeneza mtu mwema! Sasa alikuwa anakumbuka kwamba alikiri kiume, na alikuwa analala usingizi mzuri kuliko mimi.

Nikamfuata Sista. Sikumwambia mimi ni nani. Nilimwambia tu kwamba kumbukumbu ya mzee imegeuka uongo, na nikamuuliza kama inarudishika.

"Inarudishika," akasema. "Unaingia naye, ikifika pale palipogeuka, wewe unalitamka lile neno la zamani, kama lilivyosemwa. Atalishika. Kwa umri wake likishakaa halitoki tena. Lakini lazima uwe na uhakika, mama."

"Nina uhakika."

Ningemrudisha siku hiyohiyo. Kilichonizuia ni kwamba Jumapili ilikuwa siku ya ndugu kutembelea wazee, na binti yake Kalunde alikuwa anashuka kutoka Iringa. Nikawaza: mzee sasa anasema ni yeye. Mwache aseme mbele ya mwanawe na mbele ya watu. Jina la baba lisafishwe kwa mdomo uleule uliolichafua. Halafu, akishasema, namfunga kilemba namrudisha kwenye uongo wake na pingu za baba na mkate alioula, afe navyo. Nitapata vyote viwili. Usiku nilikuwa natabasamu peke yangu kitandani.

*

Jumapili ukumbi ulijaa. Kalunde alikuwa mama mtu mzima, mwalimu mstaafu mwenye mvi fupi, amemletea baba yake shati jipya. Nilimsalimia shikamoo, akaniitikia, akanishika mikono. "Ndiye wewe mtani wa baba? Asante, mdogo wangu. Sista anasema umemrudishia akili."

Nikageuka kwa mzee, nikapaza sauti. "Haya, mpagazi! Waambie wageni. Soko la Mlanzi nani alilizamisha?"

Watu wakaanza kucheka kabla hata hajajibu. Lugusha akasimama kwa fimbo yake, kifua mbele.

"Mimi," akasema. "Wala si Pazi. Pazi alikuwa macho. Betri za king'ora nilizichukua mimi. Nikamwambia polisi, mimi hapa, nifungeni."

Vicheko! Mzee mmoja akagonga meza. Muuguzi akasema, "Leo Mnyamwezi kapatikana!" Kalunde mwenyewe alikuwa anacheka, anafuta macho kwa upande wa kanga. Nikasimama pale katikati na nikaona jinsi nilivyojichimbia shimo mwenyewe. Miezi yote ile nilikuwa nimeufanya ukweli kuwa mzaha, na sasa ukweli umesimama mbele yao na shati jipya, nao wanaupigia makofi.

Nikavua mtandio. Sijui kwa nini nilianza na hilo.

"Nyamazeni," nikasema. "Nimesema nyamazeni! Leo si utani. Nauvunja."

Kicheko kikafa kidogokidogo. Kuuvunja utani mbele za watu si jambo la kusikika kila siku. Sista akainuka kitini.

"Mimi ni Mwamvita binti Pazi. Huyu alimwambia polisi baba yangu alilala. Hilo la kukiri amelipata hapa, juzi, kichwani mwake. Baba yangu alifia gerezani. Betri zile zilikwenda kwenye sherehe. Sherehe yako wewe, Dada Kalunde."

"Mama Shukuru, Mungu wangu, unasema nini?" Sista akaanza, lakini Kalunde aliinua mkono. Alikuwa ameketi, macho yapo sakafuni.

"Muziki ulizimika," akasema polepole. "Alfajiri, sherehe yangu bado haijaisha. Wakaja watu wawili wamelowa, wakachomoa vyuma vikubwa vyekundu nyuma ya spika, wakakimbia navyo. Nililia. Nilimlalamikia baba kwamba ameniaibisha mbele ya wakwe." Akamtazama mzee. "Hukunijibu, baba. Ulikuwa umekaa chumbani, umeshika kichwa. Asubuhi tukaambiwa habari za soko, na mimi nimeolewa miaka yote hii sijawahi kuyaunganisha mambo hayo mawili."

"Nilisema kweli, mwanangu," Lugusha akamwambia kwa upole. "Waulize polisi."

Kalunde akalia kwa sauti. Hakuna aliyecheka tena. Muuguzi aliyepiga kelele mwanzo alikuwa ameziba mdomo. Kalunde alipotulia, alinyanyuka akaja mpaka niliposimama.

"Nitakwenda Mlanzi. Kila mwaka wanasoma dua ya waliokufa, na kila mwaka wanamlaani Pazi. Nitasimama pale niseme mimi kwa mdomo wangu. Na mahakamani nitakwenda. Hilo la kwako nitalimaliza nikiwa hai."

"Na yeye?" nikauliza.

Tukamtazama. Mzee alikuwa amerudi kwenye benchi lake, anajifunga kishikizo cha shati jipya, anajitabasamia.

"Yeye ana furaha," Kalunde akasema.

"Hiyo ndiyo inayonichoma, dada. Anakufa akiwa shujaa. Naweza kumrudisha. Neno moja tu, leo hii, na hatatoka tena."

Sista akasema hapana, haruhusu. Kalunde hakumsikiliza. Alinigeukia mimi.

"Ni mtani wako," akasema. "Mimi siingii kati. Fanya utakavyo."

*

Nilimfunga kilemba mwenyewe, nikakaza. Alinitolea kichwa kama mtoto anayenyolewa. "Leo hujanitukana vya kutosha, mtumwa wangu," akaninong'oneza.

"Subiri, mpagazi. Bado."

Nikagusa njia ile. Ilikuwa pana sasa, na wekundu wote umetoka.

Mvua. Matope ya polisi. Baba kwenye kona, uzito mguu mmoja. Mkuu wa polisi akauliza habari za king'ora. Baba akasema, "Mkuu, waambie betri zilikuwa wapi." Nikasogea mpaka sikioni kwa Lugusha. Neno nilikuwa nalo tayari. Nilikuwa nimelibeba tangu utotoni, nalijua kuliko jina langu. Maneno mawili tu, na mzee huyu anarudi motoni.

Pazi alilala.

Nikafungua mdomo. Ndipo nikaelewa kwamba atakayelisema ni mimi. Mbele ya baba. Yeye amesimama pale na masikio yangu, ananisikia, na mwanawe ndiye anamwambia polisi kwamba alilala. Na pingu zile zitatoka mfukoni kwa sababu ya mdomo wangu.

Nilijaribu. Wallahi nilijaribu, niliusukuma ulimi kwa hasira zangu zote. Nikamfikiria mama kisimani. Nikafikiria mkate ukitafunwa. Neno likafika mpaka kwenye meno, likakaa hapo.

"Si Pazi," Lugusha akasema, wakati mimi bado nashindana na ulimi. "Ni mimi."

Baba akavuta pumzi ndefu. Hilo sikuwahi kuliona. Siku ile alipogeuza maneno sikukaa kuona yaliyofuata, nilikuwa nimekinyofoa kilemba kwa hasira. Mkuu wa polisi akampisha. Baba akafunga koti lake la mvua, akaelekea mlangoni, na alikuwa tayari ameshika kitasa Lugusha alipomwita.

"Pazi! Umesahau mkate wa mtoto."

Baba akarudi. Akauchukua mezani, akautia ndani ya koti usilowe, akatoka. Dirishani nikamwona anashuka ile njia ya getini kwenye mvua, anaharakisha, maana kumekucha na kuna mtu nyumbani anamsubiri. Nikamtazama mpaka alipokata kona.

Nikavua kilemba. Kalunde na Sista walikuwa wamesimama mlangoni. Mzee Lugusha alifumbua macho, akaniona.

"Mtani, mbona unalia?"

"Nalia kwa kukuona unatabasamu, mpagazi wee. Sijakusamehe. Umesikia? Sijakusamehe na sitakusamehe."

Akacheka, akanipisha kwenye benchi nikae. Wakati wa chai ulikuwa umefika, na muuguzi alikuwa anapita na sinia. Mzee akachukua kipande cha mkate, akakimega katikati, akanipa nusu kubwa.

Nikaipokea. Nikaila yote, na yeye sikumwachia hata ile nusu yake.